Je, rangi ya fluoresenti yaweza kupima mnato wa mwani?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa kemia, kwetu ni Wete, Pemba. Mradi wangu ni kupima mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka, wa karajinani, ute wa kuzitia vyakula uzito, ninayoitoa kwenye aina ya mwani iitwayo spinosum. Viskomita (chombo cha kupima mnato) ya maabara tunayotumia imeharibika, ila kipima fluoresensi, kinachopima mwanga unaotolewa na rangi ikipigwa mwanga, kipo na kinafanya kazi. Nimesoma kuwa kuna rangi zinazong'aa zaidi kadiri kimiminika kinavyokuwa kizito, na kwamba hutumika hata ndani ya seli hai. Naweza kuzitumia badala ya viskomita?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kuzitumia waweza, badala ya viskomita, hapana. Na sababu yake ndiyo inayonifanya nilipende swali lako.

Rangi hizo huitwa rota za molekuli, na zinazotumika sana ni DCVJ na CCVJ. Molekuli yake ina sehemu mbili zilizoungana kwa bondi inayoweza kujizungusha. Ukiipiga mwanga wa buluu, wa nanomita 440 hivi, inapata nishati ambayo lazima iitoe: ama kama mwanga, karibu na nanomita 500, ama kwa kujipinda, nishati ikaishia kuwa joto. Ndani ya maji kujipinda ni kazi nyepesi, kwa hiyo rangi hufifia. Ndani ya gliserini inabanwa, basi inang'aa. Mwaka 1971 wanasayansi Förster na Hoffmann walionyesha kuwa logi ya mwangaza ukiichora dhidi ya logi ya mnato unapata mstari mnyoofu. Kwa rota nyingi mteremko wake huwa karibu na 0.6, yaani mnato ukipanda mara 10, mwangaza hupanda kama mara 4 tu.

Sasa tuje kwenye karajinani yako. Uzito unaouona ukikoroga unatokana na minyororo mirefu iliyosukana. Rota ni kitu kidogo mno mbele ya mnyororo huo, na kati ya mnyororo na mnyororo kumejaa maji. Fikiria sokoni Darajani, mjini Unguja, siku ya kuamkia Idi: hamali na mkokoteni wake amekwama, mtoto anapenya tu. Viskomita ni yule hamali, rota ni yule mtoto. Mchuzi wako unaweza kugoma kumiminika, na rota bado ikakwambia iko kwenye kitu kinachokaribia maji. Rota haijakosea. Imepima ujirani wake, wala si chungu kizima.

Kwenye seli tabia hiyo hiyo ndiyo faida. Hakuna viskomita ya kuingiza kwenye kitu chenye upana wa maikromita 10 au 20, na tunachotaka kujua ni huo ujirani wenyewe: molekuli ndogo inasafiri vipi kwenye saitoplazimu (ute uliojaa ndani ya seli), au ndani ya utando wa seli, ambao ni mzito zaidi sana. Lakini hapa mwangaza peke yake hudanganya, maana sehemu inaweza kung'aa kwa sababu rangi imejikusanya pale, si kwa sababu ya mnato. Ndiyo maana watafiti, kama kundi la Marina Kuimova kule Imperial College London, hupima muda ambao molekuli inakaa na nishati kabla ya kutoa mwanga, kwa nanosekunde. Muda huo hautegemei wingi wa rangi. Wakaweza hata kuona mnato ukipanda ndani ya seli moja inapokufa.

Kwa mradi wako, tafuta viskomita ya kuzunguka, hata kwa kuazima Unguja. Kipimo kinachokubalika kimataifa kwa karajinani ni mchanganyiko wa asilimia 1.5 kwa nyuzi 75 za Selsiasi, na mnato usipungue milipaskali-sekunde (kizio cha mnato) 5. Mwani huu wanaulima akina mama, na bei ya spinosum ni ndogo kuliko ya cottonii, aina nyingine ya mwani. Namba utakayoiandika kuhusu ubora wake iwe ya kweli.

Kisha pima mchanganyiko ule ule kwa CCVJ, inayokubali maji vizuri kuliko DCVJ. Tofauti kati ya vipimo viwili inakueleza minyororo imejipanga vipi, na hiyo ni mada ya mradi yenye uzito. Usisahau kupima sampuli isiyotiwa rangi: mwani mwekundu una rangi zake zinazong'aa, na mchuzi wenye ukungu hutawanya mwanga. Protini ikibaki humo, rota huinata na kukupa mnato usiokuwepo.

Mstari wa kulinganishia utengeneze kwa gliserini na maji, na hapa uwe mkali kuhusu joto. Gliserini safi ina kama milipaskali-sekunde 1,400 kwa nyuzi 20, lakini kwa nyuzi 30 hubaki kama 600. Tena hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya visiwani unaijua: maji ya asilimia 5 tu yanaishusha kutoka 1,400 hadi karibu 520 kwa nyuzi 20. Chupa ifunge kila unapomaliza kumimina, pima kwa uzito badala ya ujazo, na sampuli zote zikae kwenye beseni la maji lenye joto moja kabla ya kuziingiza kwenye kipima.