Usiniletee picha ya rangi kabla hujaniambia K yako ni ngapi

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayesoma uzamili hapa Dar aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Modeli yangu ya ufa unaosukumwa na kimiminika inafika mita 300 upande mmoja baada ya dakika 10 za kusukuma. Nikibadilisha gridi, jibu linahama. Niweke elementi ndogo kiasi gani?" Akaambatanisha picha nne, nyekundu na buluu, nzuri kweli.

Marahaba, mdogo wangu. Swali la gridi, yaani vile vipande (elementi) tunavyoigawia modeli, tutalifikia, ila umeliwahisha. Tuanze na hili: nguvu ya pampu yako inaliwa na nani? Ndani ya ufa kuna walaji wawili. Mmoja ni mwamba unaochanika kwenye ncha. Mwingine ni mnato, yaani kazi ya kulazimisha kimiminika kipite kwenye upenyo wa milimita chache. Asiyejua nani anakula zaidi hajui hata ni jibu gani la kutarajia.

Chukua namba ulizonitumia. Moduli ya Young (ugumu wa mwamba) ni GPa 30 na uwiano wa Poisson (kiasi unachotanuka ubavuni ukibanwa) ni 0.25. Gawa ya kwanza kwa (1 − 0.25²), upate E' ya GPa 32. Ukinzani wa kupasuka ni MPa·√m 1. Zidisha kwa 3.19, ndiyo K'. Jeli yako ina mnato wa Pa·s 0.1; zidisha kwa 12, upate 1.2. Pampu inatoa mita za ujazo 0.05 kwa sekunde kwenye tabaka la kimo cha mita 50, kwa hiyo kila mita ya kimo inapata 0.001, ndiyo Q. Sasa zidisha E'³ kwa 1.2 na kwa 0.001, tafuta kipeuo cha nne, kisha gawa K' kwa jibu hilo. Unapata 0.23. Hiyo ndiyo K ninayokuuliza, namba isiyo na kizio. Ikiwa chini ya 1, mnato ndio unaotawala. Ikizidi 4, mwamba ndio unaotawala. Hata ukiweka maji matupu ya Pa·s 0.001, inapanda hadi 0.72 tu. Kwa hiyo hapa mwenye nyumba ni mnato.

Kwa ufa wa pande mbili usiovuja wa aina ya KGD, yaani modeli inayochukulia kwamba ufa unafanana kwenye kimo chote, nusu-urefu unapotawaliwa na mnato ni 0.616 mara kipeuo cha sita cha (E' × Q³ × t⁴ ÷ 1.2). Weka t, yaani muda, ya sekunde 600: mita 76, na upana wa wastani milimita 4. Ukitumia kanuni ya ufa unaotawaliwa na mwamba, yaani 0.932 × (E'Qt/K')^(2/3), unapata mita 308. Umeiona mita 300 yako imetoka wapi? Programu yako haiuhisi mnato kabisa. Chora shinikizo kutoka kisimani hadi kwenye ncha. Likiwa bapa, basi ama mlingano wa mtiririko haujaunganishwa na ule wa mwamba, ama mnato umemezwa na vizio. Anayefanya kazi kwa milimita na MPa aandike Pa·s 0.1 kama 0.0000001, na hapo sifuri zikizidi hakuna onyo lolote litakalotokea. Aliyesahau ile 12 naye anajulikana: mita zake 76 zinakuwa 115.

Jambo linaloniuma ni lile la kuchora urefu dhidi ya muda kwenye logi, kuona mteremko wa 2/3, kisha kuandika kwamba modeli imethibitishwa. Kwenye KGD isiyovuja mteremko ni 2/3 mnato ukitawala, na ni 2/3 hivyohivyo mwamba ukitawala. Shinikizo la kisimani nalo hushuka kwa −1/3 kote kuwili. Mteremko haukuambii chochote hapo. Linganisha mita zenyewe na milimita zenyewe.

Sasa ncha, maana huko ndiko modeli nyingi zinakofia. Tumefundishwa kwamba upana karibu na ncha hukua kwa kipeuo cha pili cha umbali. Ni kweli mwamba unapotawala. Mnato ukitawala, upana hufuata kipeo cha 2/3, jambo lililoonyeshwa na Desroches na wenzake mwaka 1994. Programu inayokokotoa ukinzani kwenye elementi ya mwisho kwa kanuni ya kipeuo cha pili itausogeza ufa vibaya, labda gridi iwe ndogo mno. Dawa waliyoitoa Peirce na Detournay mwaka 2008 ni kusoma upana wa elementi iliyo nyuma ya ncha, kuugeuza kwa kanuni sahihi ya ncha, na kupata umbali ambao ncha imefika. Hapo hata gridi ya mita 1 inatoa jibu la kuaminika.

Wewe unatumia elementi za mshikamano, yaani zinazoshikilia kingo za ufa kama gundi inayoachia polepole, kwa hiyo huna njia hiyo. Eneo la kuchanika lina urefu wa takriban (ukinzani wa kupasuka ÷ nguvu ya mvutano)². Kwa MPa 3 ni sentimita 11. Unahitaji elementi nne au tano ndani yake, yaani sentimita 2 hadi 3 kila moja. Elementi zako za nusu mita hazilioni kabisa, ndiyo maana jibu linahama. Unaweza kushusha nguvu ya mvutano hadi MPa 1 huku ukiacha nishati ya kupasuka ileile, J/m² 31. Eneo litafika mita 1 na elementi za sentimita 20 zitatosha. Ila usiendelee kushusha hadi eneo hilo likaribie urefu wa ufa wenyewe.

Ukiandika programu yako mwenyewe, usitumie hatua za muda za wazi, yaani kukokotoa hatua mpya kwa namba za hatua iliyopita pekee. Kikomo chake ni kama 1.2 × Δx³ ÷ (E' × upana³): kwa Δx (urefu wa elementi) ya mita 1 ni sekunde 0.0006, na ukigawa gridi nusu kinapungua mara nane. Tumia njia fiche, inayotatua namba za hatua mpya zote kwa pamoja, na hifadhi hali ya hesabu kila hatua 50, maana umeme wetu tunaujua.

Wanaouliza hesabu hizi zinatuhusu nini wakumbuke Julai 2007, magma ilipopasua njia chini ya ardhi karibu na Mlima Gelai na Ziwa Natron, na mtetemo ukasikika hadi Nairobi. Ule nao ulikuwa ufa unaosukumwa na kimiminika.

Kabla hujaniandikia tena, fanya jaribio moja bila mtiririko. Gawa ufa ulionyooka kwa vipande N vilivyo sawa, vyenye upana usiobadilika ndani ya kila kipande, kwa njia ya Crouch. Weka shinikizo moja kote, p, na nusu-urefu uwe l. Ujazo utakaopata lazima uzidi ule wa kweli, 2πpl²/E', kwa 1/N kamili: vipande 10 vizidi kwa 10%, na vipande 20 kwa 5%. Ukipata 4% au 7%, matriki yako ina kosa. Nitumie namba hiyo, na shinikizo la kisimani kwenye sekunde ya 600. Picha ziache kwanza.