Viazi vya kuoka na uzito uliogoma kushuka

SWALI: Hujambo daktari. Naishi Nakuru, nina miaka 38, na nilianza nikiwa na kilo 89. Kwa wiki saba sasa nimeacha ugali na chapati usiku. Badala yake naoka viazi viwili vikubwa, navipasua katikati, naweka majarini kijiko kimoja cha mezani kwa kila kiazi na chumvi kidogo, halafu nashushia na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari. Nilishuka hadi kilo 86 na nusu, kisha wiki tatu zimepita mizani haisongi. Jirani anasema viazi ndivyo vinavyoninenepesha, nirudi kwa ugali wa wimbi. Mwenzangu kazini anasema nile viazi pekee wiki mbili, nisichanganye na kitu. Nimsikilize nani? Na mbona viazi vyangu hutoka vigumu katikati na ganda limelowa?

JIBU: Dada, usimsikilize yeyote kati yao. Kiazi kibaki. Kinachohitaji kubadilika ni ukubwa wake, kile unachokipaka juu, na kile kinachokosekana kando yake.

Tuanze na sahani yako kama ilivyo. Kiazi kikubwa cha aina ya Shangi, vile vya kutoka Molo au Mau Narok vinavyouzwa kwa ndoo, hufika gramu 300 kwa urahisi. Viwili ni gramu 600. Gramu 100 za kiazi kibichi zina takriban kalori 77 (zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti), kwa hiyo viazi vyenyewe vina kama 460. Kijiko cha mezani cha majarini kikichotwa kwa kilima hubeba karibu gramu 20. Vijiko viwili vya namna hiyo ni kalori 285 hivi. Chai yako, ikiwa nusu yake ni maziwa, inaongeza kama 130 pamoja na sukari. Jumla inakaribia 875 kwa mlo mmoja wa usiku, na protini ndani yake haizidi gramu 17 au 18. Majarini ambayo huioni tena ikishayeyuka imebeba theluthi moja ya mlo mzima, na haijakushibisha hata kidogo.

Kuhusu ugali wa wimbi, jirani yako ana nia njema lakini hesabu inamkataa. Unga mkavu, uwe wa mahindi au wa wimbi, una kalori 330 hadi 360 kwa kila gramu 100. Wimbi una nyuzinyuzi na kalisi zaidi, ni chakula kizuri, ila haupunguzi uzito kwa sababu tu ni mweusi. Ugali wa mtu mmoja uliosongwa kwa gramu 150 za unga wa mahindi una kalori 540 kabla hujagusa mboga. Kuzipata kalori hizo kutoka kwa viazi ungelazimika kula gramu 700, na wengi hushindwa kumaliza sahani hiyo. Sababu ni maji: karibu robo tatu ya kiazi ni maji, hivyo kinajaza tumbo kwa kalori chache. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, wakapima shibe kwa saa mbili. Mkate mweupe ulipewa alama 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, na hakuna chakula kilichovipita. Chipsi, ambazo ni viazi hivyohivyo vilivyozama kwenye mafuta, zilipata 116. Angalia kwamba waliopimwa walikula viazi vilivyochemshwa bila kupakwa kitu. Ukikizamisha cha kwako kwenye majarini, unajisogeza upande wa chipsi.

Sasa nunua mizani ndogo ya jikoni, na upime kiazi kikiwa kibichi, kimeoshwa na kukaushwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Kiazi kikiokwa hupoteza maji, kwa kawaida kati ya sehemu 15 na 20 kwa kila mia za uzito wake. Cha gramu 250 hutoka na gramu 205 hivi. Kalori hazijatoka na maji, zimesongamana tu, ndiyo maana kiazi kilichookwa huandikiwa kalori 93 kwa gramu 100 na si 77. Ukipima kibichi kisha ukatumia namba ya kilichoiva, utajidhulumu. Ukipima kilichoiva ukatumia namba ya kibichi, utajidanganya. Chagua njia moja uishike. Mimi napendelea kibichi, kwa sababu muda wa kuoka hubadilika na maji yanayopotea hubadilika nao.

Kwa uzito wako, kiazi kimoja cha gramu 250 usiku kinatosha, na hicho ni kama kalori 190. Nafasi iliyobaki ijazwe na protini na mboga. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyochemshwa kina kalori 220 hivi na protini gramu 15. Ongeza sukuma wiki au managu kikombe kizima, zilizokaangwa kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta, kisha kachumbari ya nyanya, kitunguu, dania na ndimu. Badala ya majarini, pasua kiazi umwagie vijiko vitatu vya maziwa lala mazito au mtindi usio na sukari, pamoja na pilipili manga. Hiyo ni kalori 30 tu, na uchachu wake unakifaa kiazi kuliko mafuta. Mlo huo unasimama kwenye kalori 520 au 530, una protini zaidi ya gramu 20, na ni mwingi kwa macho kuliko ule wa kwanza. Siku usiyo na maharagwe, mayai mawili ya kuchemsha yanatosha. Omena nazo ni nzuri sana: gramu 30 za omena kavu zina protini zaidi ya gramu 15. Ila zipikwe kwa nyanya na kijiko cha mafuta, maana zikikaangwa zikazama zinanyonya mafuta kama sifongo. Parachichi usiliite mboga. Nusu ya lile kubwa hupita kalori 150, basi likiwepo, maharagwe yapungue. Na chai inywewe bila sukari, au mapema mchana.

Mwenzako wa kazini anayesema viazi pekee, mwambie hapana. Kilo moja na nusu ya viazi kwa siku, ambayo ni kazi kuimaliza, inatoa protini kama gramu 30. Mtu wa kilo 86 anahitaji karibu 70 kwa kiwango cha chini, na anayepunguza uzito anahitaji zaidi ili mwili uchome mafuta bila kula misuli. Viazi vyeupe havina vitamini A wala B12. Kilo utakazopoteza wiki ya kwanza zitakuwa maji kwa sehemu kubwa, na zitarudi na mlo wa kwanza wa kawaida.

Swali lako la kuoka linanifurahisha, kwa sababu kiazi kilichookwa vizuri hakidai mafuta. Kile kilicholowa na kigumu ndicho kinachomfanya mtu aongeze majarini ili kimezeke.

Ganda kulowa kwa kawaida hutokana na karatasi ya foili. Ukikifunga kiazi, mvuke wake haupati pa kutokea, kinajichemsha ndani ya ganda lake. Oka bila foili. Kukosa kuiva katikati hutokana na mambo mawili: oveni iliyowekwa viazi kabla haijapata moto, na viazi vya ukubwa tofauti kwenye chano kimoja. Chagua vinavyolingana, gramu 200 hadi 250. Osha kwa brashi, kausha kabisa kwa kitambaa, toboa kwa uma mara sita au nane ili mvuke upite kisije kikapasuka. Paka ganda nusu kijiko cha chai cha mafuta kwa mkono na chumvi kidogo. Hiyo ni kalori 20 tu, na ndiyo inayolifanya ganda kuwa kavu na la kukwaruza kama bisikuti. Oveni iwe nyuzi 200. Weka viazi juu ya waya, si kwenye bati, hewa ipite chini. Gramu 150 huchukua dakika 45, gramu 250 huchukua saa nzima, wakati mwingine na dakika kumi juu. Ingiza kisu chembamba hadi katikati: kikiteleza bila kugota, kimeiva. Kikitoka tu, kipasue alama ya msalaba na ukibinye pembeni ili mvuke utoke. Ukikiacha kizima dakika kumi, mvuke huohuo hurudi kuwa maji na unga wa ndani unageuka gundi.

Kama huna oveni, tumia mtindo wa kuokea keki kwenye jiko la makaa. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu safi kina cha vidole viwili, uipashe moto dakika 15. Panga viazi juu ya kikalio cha waya visiguse mchanga, funika kwa sinia, weka makaa machache juu ya sinia. Makaa ya chini yawe ya wastani. Dakika 60 hadi 75 zinatosha, ukigeuza mara moja. Jiko likae nje au mahali penye madirisha wazi, kwa sababu hewa ya makaa kwenye chumba kilichofungwa inaua bila harufu.

Rangi ya ganda iwe ya dhahabu. Ikifika hudhurungi iliyokolea, sukari ya kiazi na asparajini, mojawapo ya asidi amino zake, zimeshatengeneza akrilamaidi, kemikali tusiyoitaka mwilini. Kwa sababu hiyohiyo usihifadhi viazi vibichi kwenye friji: baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo huungua haraka. Viweke kwenye gunia au kikapu mahali pakavu penye giza. Shangi huchipua upesi kuliko aina nyingi, kwa hiyo nunua vya wiki moja au mbili. Kiazi kilichogeuka kijani kwa jua la barabarani kina solanini. Doa dogo likatwe kwa kina, lakini kikiwa kijani sehemu kubwa au kikiwa kichungu mdomoni, kitupe. Kuoka hakuiondoi sumu hiyo.

Gesi ni ghali kuokea kiazi kimoja, basi oka sita kwa pamoja. Vinavyobaki vipoe, viingie friji ndani ya saa mbili, na vimalizike ndani ya siku tatu. Usiviache vimefungwa kwa foili mezani usiku kucha. Mwaka 1994 huko El Paso, Marekani, watu 30 waliugua botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria inayopoozesha mwili, kutokana na viazi vilivyookwa ndani ya foili vikaachwa nje ya friji. Viazi vilivyopoa vina faida yake pia. Sehemu ya wanga hugeuka kuwa aina isiyomeng'enywa kirahisi, na hata ukivipasha tena kwenye kikaango kikavu, kiasi chake hubaki. Kwa kalori faida ni ndogo. Kwa sukari ya damu ni ya maana zaidi, kwa sababu kiazi cha kuoka kikiwa moto hupandisha sukari kwa kasi.

Hilo linanileta kwa watu wawili ambao jibu hili halitoshi. Mwenye kisukari ale kiazi kilichopoa, nusu ya kipimo nilichokupa, pamoja na maharagwe na mboga, kisha apime sukari saa mbili baada ya kula ili ajue mwili wake unasemaje. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza dawa za presha kama enalaprili, losatani au spironolaktoni, azungumze na daktari wake kwanza. Kiazi kimoja cha gramu 250 kina potasiamu zaidi ya gramu moja, na maharagwe yanaongeza nyingine, nayo ni madini ambayo figo mgonjwa au dawa hizo huweza kuyaacha yajikusanye kwenye damu.

Kuhusu mizani kugoma wiki tatu: usipime kila siku. Chumvi, choo na siku za hedhi husogeza maji ya mwili hata kilo mbili na kuficha mafuta yaliyopungua. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, baada ya msalani, kabla ya chai, na uzungushe futi kiunoni usawa wa kitovu. Andika zote mbili. Anza sahani mpya leo, uishike wiki nne. Kiuno kikipungua huku mizani imesimama, endelea vivyo hivyo. Vyote viwili vikisimama, shusha kiazi hadi gramu 200, na maharagwe usiyaguse.