Kujaza risasi mwenyewe: inalipa au tunajidanganya?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nalenga shabaha muda sasa, leseni ninayo na kila kitu kipo sawa, nina bastola ya milimita 9 na bunduki ya kaliba .308 ambayo ndio roho yangu. Jamaa ninaolenga nao wananisumbua ninunue mashine nianze kujaza risasi mwenyewe, yaani kutengeneza risasi upya kwa maganda yaliyokwisha fyatuliwa, eti gharama inashuka nusu. Mke wangu anasema itaishia stoo na ile baiskeli ya mazoezi. Sasa nisaidie, inalipa kweli au ni stori za vijiweni?
Mwenye baiskeli stoo

JIBU: Kaka, msalimie sana shemeji maana yeye kaona mbali kuliko hao jamaa zako. Kwa kifupi, hiyo 9 achana nayo, hiyo .308 inaweza kulipa, ila sio kwa njia unayoifikiria.

Risasi moja ni vitu vinne: ganda, praima (kile kiduara cha kitakoni kinachogongwa na pini), baruti na kichwa kinachoruka. Ukifyatua, vitatu vimeenda, linabaki ganda, na kwa bunduki ndefu ganda ndio mara nyingi limebeba bei kubwa kuliko vyote. Faida ya kujaza iko hapo tu, kwamba kitu cha bei ulishakinunua na unakitumia tena na tena.

Sasa njoo kwenye baruti. Ratili moja (karibu nusu kilo) ina greini 7,000, greini ni kipimo kidogo sana cha uzito. Risasi ya 9 inakula kama greini 5, yaani ratili inakutolea 1,400 hivi, wakati .308 inakula kama 43, unapata 160 na ushee (hizi ni namba za kupigia hesabu tu, kipimo cha kujazia unakitoa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti unayotumia, sio kwangu). Hapo utasema basi 9 ndio yenye faida! Hapana, viwanda vinazifyatua hizo kwa mamilioni ndio maana dukani ziko chini, ukishalipia kichwa na praima kinachobaki ni chenji, halafu bastola inatema maganda huko kwenye majani unaanza kuinama kama unaokota karanga. Za .308 za mashindano ndio zinauma mfuko, na ndizo zinazostahili kujazwa.

Hao wanaosema nusu wanahesabu risasi tu, hawahesabu mashine, dai (kifaa cha kwenye mashine kinachorekebisha ganda), mizani, kalipa (cha kupimia urefu na unene), na kidude cha kusafishia maganda. Tuseme vifaa vyote vimekugharimu sawa na risasi 600 za dukani na kila unayojaza inakuokolea nusu ya bei, basi mpaka ufikishe risasi 1,200 ndio vifaa vimerudisha hela yake. Ukipiga 40 kwa mwezi hiyo ni miezi 30, na hapo masaa yako sijayagusa. Mashine ya kawaida, ile ya hatua moja moja, inakutolea 50 mpaka 100 kwa saa ukishazoea, ile ya mzunguko inafika 400 na zaidi ila bei yake utakaa chini kwanza.

Na kuna siri ambayo wajazaji hatupendi kuisema mbele ya wake zetu. Ukianza kujaza hauokoi, unalenga zaidi! Mimi tangu nianze matumizi yangu hayajashuka hata kidogo, ninachopata ni risasi nyingi kwa hela ileile, na risasi zilizopimwa kwa mtutu wangu mimi. Unabadilisha baruti kidogo, unaingiza kichwa ndani kidogo, unajaribu tena, mpaka matundu matano kwenye karatasi yanaanza kugusana. Kama hiyo inakuchangamsha, masaa hautayaona. Kama unaona ni kero basi shemeji ameshinda.

Sasa nikwambie kwa nini 9 naikataza mara mbili. Kuna jioni nilikuwa najaza za bastola huku naongea na simu, na ganda moja likapita bila baruti. Uwanjani nikafyatua, badala ya mlio nikasikia "pfu", kama mtu anakohoa chumba cha pili. Mkono tayari ulikuwa unavuta slaidi (ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma) nipige nyingine, sijui nini kilinizuia. Kufungua, kichwa kimekwama katikati ya mtutu, nguvu ya praima peke yake ilikisukuma mpaka hapo. Ningefyatua ya pili mtutu ungevimba au kupasuka nikiwa nimeushika. Kinyume chake ni kibaya zaidi: greini 5 ukizimimina mara mbili kwenye ganda la 9 zinaingia vizuri tu na hujui, wakati .308 imeshajaa karibu mpaka shingoni, ukirudia baruti inamwagika mezani unaiona. Siku hizi napanga maganda 50 kwenye kibao, namulika na tochi yote kabla ya kuweka kichwa hata kimoja, na simu inabaki sebuleni.

Maganda nayo yanazeeka. Ya bunduki ndefu yanaenda mara 5 mpaka 10 hivi kutegemea unayabana kiasi gani. Chukua waya mwembamba, kunja ncha, upitishe ndani karibu na kitako, ukihisi unadumbukia kwenye mfereji, tupa, hilo litakatika.

Na kabla ya yote nenda ofisi iliyokupa leseni ukaulize. Nchi kadhaa leseni ya bunduki sio ruhusa ya kujaza, na baruti na praima zina kiwango cha kuweka nyumbani. Mezani usile, nawa mikono, vumbi la praima lina risasi ile ya madini.

SWALI: Rafiki yangu anajaza vizuri sana, amenipa boksi nijaribu. Nizipige?

JIBU: Hapana. Kajaza kwa bunduki yake, na hukuwepo alipopigiwa simu.

SWALI: Nimeokota maganda kibao uwanjani, yote yanajazika?

JIBU: Pitisha sumaku kwanza, yanayonasa ni chuma, weka pembeni. Yaliyobaki chungulia ndani kwa tochi. Tundu moja katikati ni mtindo wa Boxer, praima inatoka kwa pini ya dai bila shida. Vitundu viwili pembeni ni Berdan, kuitoa ni kazi ya kukukosesha usingizi. Cha kuchekesha Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, ila Wamarekani ndio wanaotumia Boxer. Hayo ya matundu mawili peleka kwa wanunua vyuma chakavu.