Re: Booker T. Washington alipata wapi ardhi ya Tuskegee?

Habari mkuu. Umekwama hapa: jimbo la Alabama, Marekani, liliipa Tuskegee, chuo cha walimu Weusi, dola 2,000 kwa mwaka, sasa mbona Washington, mkuu wake wa kwanza, bado alikopa?

Anza na masharti ya fedha hizo. Sheria ya Februari 1881 iliziruhusu kulipa mishahara ya walimu tu. Kiwanja, majengo, hata ubao, hakuna. Ndiyo maana chuo kilifunguliwa 4 Julai 1881 ndani ya banda bovu na kanisa la jirani, na wanafunzi wapatao 30, wengi wao tayari walimu wa shule za vijijini.

Shamba la takriban ekari 100 liliuzwa dola 500: nusu taslimu, nusu ndani ya mwaka. Hiyo 250 ya kwanza Washington alikopeshwa na Jenerali Marshall, mhazini wa Hampton (chuo alichosoma Washington), kutoka mfukoni mwa jenerali mwenyewe. Usiandike kwamba Hampton kama taasisi ndiyo iliyokopesha. Kosa hilo hufanyika sana. Deni lililobaki lilimalizwa kwa michango na tamasha, na hapo Olivia Davidson, mwalimu mwenzake Washington, anastahili aya nzima, tafadhali usimpitie juu juu.

Kwenye matofali, ambayo chuo kilijitengenezea ili kujenga, tanuri tatu ziliharibika. Ya kwanza haikupangwa wala kuchomwa sawasawa, na ya tatu iliporomoka uchomaji ukikaribia kwisha. Washington aliweka saa yake rehani kwa dola 15, na tanuri ya nne ikaiva. Baadaye chuo kiliuza matofali mjini, hata kwa Wazungu.