Edgar naye alifiwa

Kwenye kikundi chetu cha kusoma, mjadala unaotuweka bustani ya Mama Ngina, Mombasa, mpaka magharibi ni wa mhusika mkatili aliyefiwa. Mihogo ya pilipili imeshapoa, mmoja anasema, "Mwacheni jamani, ana uchungu." Mwingine anamkatiza: "Uchungu ndio amtese mtoto?"

Ushauri wangu kwa anayesoma mhusika wa namna hii: mwanzie yule aliyeumizwa, maumivu ya mkatili yaje baadaye. Uliza yeye amemkosea nini huyo mkatili.

Chukua Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë ya 1847. Hindley anafiwa na mkewe, Frances, muda si mrefu baada ya kumzaa Hareton. Anazama kwenye ulevi. Siku moja, amelewa chakari, anamning'iniza mwanawe juu ya ngazi, na mtoto anamponyoka. Heathcliff, kijana aliyelelewa nyumba hiyohiyo, alikuwa akipita chini, anamdaka. Hareton amekosa nini hapo?

Kisha tafuta mwingine kwenye kisa hichohicho aliyepatwa na msiba kama ule. Edgar Linton alimpoteza mkewe, Catherine, saa chache tu baada ya kujifungua binti. Angeweza kumtupia lawama kichanga. Badala yake alimlea kwa mapenzi, hata masomo akamfundisha mwenyewe. Mbele ya Edgar, ile "ana uchungu" ya Hindley hainitoshi tena.

Jambo hili linanigusa sana. Mtaani kwetu, mama akifa uzazini, hawakukosekana wa kunong'ona: "Huyu mtoto kisirani." Nilicheza na msichana aliyebandikwa jina hilo, na aliyeanza kumwita hivyo alikuwa babake. Sikukuu ya Idi sisi tulishonewa magauni mapya, yeye alivaa la binamu yake, kiuno kimekunjwa na kubanwa kwa pini. Baba yule alikuwa akilia usiku, majirani wakimsikia. Namhurumia hadi leo, na bado nasema alimdhulumu mwanawe.

Lakini usikimbilie kumwita mhusika shetani ukafunga kitabu. Soma alikotoka. Heathcliff, anayemlaumu kila mtu kwa kumkosa Catherine aliyempenda, alipigwa na kudhalilishwa na huyohuyo Hindley tangu utotoni, akanyimwa masomo, akatupwa kazi za shambani. Hindley alipokufa, Heathcliff akamchukua Hareton, yule mtoto aliyemdaka, akamlea vilevile: bila kusoma, bila adabu. Tena anatamka wazi kwamba anataka kuona kama naye atapinda kama yeye alivyopindwa.

Hapo ndipo ninapowatenganisha hawa wawili. Hindley alikuwa mlevi aliyeshindwa kujizuia, hukumu yangu kwake ina nafasi ya huruma. Heathcliff alifanya akiwa na akili zake timamu, na alijua vizuri mtoto anaumia vipi. Baadhi ya wenzangu hawakubali, wanasema aliyeteswa hahesabiwi sawa na mwingine. Mimi namhesabia zaidi.