Mtoto si shahidi?

SWALI: Shikamoo dada Hakimu. Juzi mjukuu wangu wa miaka 8 amenieleza kwamba fundi cherehani jirani yetu humwita ndani na kumfanyia mambo mabaya. Shemeji yangu anataka tuyamalize kinyumbani, fundi alipe laki tano, kwa kuwa hakuna aliyeona na "mtoto si shahidi". Mwaka 1989 mdogo wangu yalimkuta hayo hayo, kesi ikafia mahakamani. Tusijisumbue?
Bibi yake, Korogwe

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Shemeji yako si mwongo, amechelewa tu. Zamani mahakama zilikwenda karibu na hivyo, nami nilifanya hivyo kwa mkono wangu.

Mwaka 1991, nikiwa hakimu wa wilaya, aliletwa binti wa miaka 9. Kwanza ilibidi nimpime kama anajua kiapo ni nini. Nikamuuliza waongo hupatwa na nini. Akajibu, "Wanachapwa." Nikaandika kwenye jalada: ana akili ya kutosha, ila haelewi maana ya kiapo. Hapo kesi ikavunjika mguu, maana wakati huo mahakama ziliogopa kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto asiyeapa bila mwingine wa kuuunga mkono, na mama yake alikwisha mwogesha na kufua nguo. Binti alisimulia vizuri kuliko watu wazima wengi niliowasikiliza. Nilimwamini. Nikamwachia mshitakiwa. Akanishukuru kwa adabu, "Asante, mheshimiwa."

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ndiyo iliyogeuza mambo. Watu huikumbuka kwa miaka 30 jela ya mbakaji, na kifungo cha maisha mtoto akiwa chini ya miaka 10, kama mjukuu wako. Mimi naikumbuka kwa ilivyobadili kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi: hakimu akiridhika kwamba mtoto anasema kweli, anaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto huyo peke yake, mradi aandike sababu zake. Mwaka 2016 hata ule mtihani wangu wa kiapo ukaondolewa. Siku hizi mtoto anaahidi tu kusema kweli na si uongo, naye husikilizwa faragha.

Hiyo laki tano haifuti kitu. Anayeshitaki ni Jamhuri, si shemeji yako.

Leo hii mpeleke mtoto Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Mpewe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, afike hospitali. Mkikwama piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Nguo usifue, zitie kwenye mfuko wa karatasi, maana za nailoni huzitia unyevu zikaharibika. Tena usimhojihoji wala kumfundisha maneno. Mtoto wa miaka 8 akianza kusema "sehemu zangu za siri" kama askari, wakili wa utetezi atauliza kayapata wapi. Mwache na maneno yake.

Shemeji akileta karatasi ya makubaliano, usitie sahihi wala dole gumba. Ichukue tu, uipeleke nayo dawatini.