Je, inajuzu kuwafundisha watoto visa vya miungu ya Wagiriki kwa kazi za mikono?

SWALI

Assalaamu alaykum Shekhe. Tunaishi Leicester, Uingereza. Muhula huu mwanangu wa miaka 8 anasoma Ugiriki ya kale, na kila wiki darasa lao linatengeneza kitu: ngao, barakoa, mtungi. Juzi amerudi na sanamu ya udongo ya Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, akaiweka kwenye rafu karibu na msahafu. Mdogo wake wa miaka 5 naye anataka kutengeneza "mungu wa radi". Je, nimtoe kwenye somo hili? Na nikiwafanyisha mwenyewe kazi kama hizi nyumbani, nitakuwa nimewafundisha shirki?

JIBU

Wa alaykumus-salaam wa rahmatullah, dada yangu. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na aali zake.

Kusimulia itikadi ya washirikina kwa kuijua, bila kuiamini wala kuitukuza, si shirki. Qur'ani yenyewe imeyataja masanamu kwa majina: Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr katika Surat Nuh aya ya 23, na Lata, Uzza na Manata katika Surat Najm. Wanazuoni wana kanuni kwamba anayenukuu ukafiri si kafiri. Kwa hiyo kisa chenyewe si tatizo. Angalia mikono inatengeneza nini, na mtoto ana umri gani.

Kuhusu kumtoa darasani: sheria ya huko inampa mzazi haki ya kumtoa mtoto katika somo la dini na ibada ya pamoja ya shule. Historia haimo, na Ugiriki ya kale imo katika mtaala wa historia wa watoto wa miaka 7 hadi 11. Nenda kwa mwalimu na ombi dogo na la wazi: mwanangu asome kama wenzake, ila asifinyange wala asichore miungu, apewe hekalu, meli, mtungi au kofia ya chuma. Walimu wengi hawaoni uzito wa kubadilisha hilo, kwani lengo la somo linabaki palepale.

Ama sanamu, katika Bukhari na Muslim yamepokewa makemeo makali kwa wanaotengeneza sura za viumbe wenye roho, na Ibn Abbas (r.a.) alimwambia aliyeishi kwa kazi hiyo kwamba kama hana budi, basi afanye miti na visivyo na roho. Madhehebu yetu ya Shafi ni makali hapa, lakini wanazuoni wengi wamevitoa katika katazo hilo vitu vya kuchezea watoto, kwa sababu Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) na hakukatazwa. Zeus haingii katika ruhusa hiyo. Mwanasesere hajawahi kusujudiwa. Zeus alijengewa mahekalu na kuchinjiwa ng'ombe, na hata leo wapo watu wachache Ugiriki wanaoirejelea dini hiyo. Sanamu yake isikae nyumbani, seuze karibu na msahafu.

Lakini usiivunje mbele ya mtoto kwa hasira. Ameshinda akiifinyanga na anaiona kazi yake, hamuoni Zeus. Mweleze kwanza. Kama ni udongo usiochomwa, uvunjevunje pamoja naye, uuloweke usiku kucha na ufinyangwe upya uwe bakuli. Kama umechomwa, ondoeni kichwa: katika hadithi ya Abu Dawud na Tirmidhi, Jibril (a.s.) aliagiza kichwa cha taswira kikatwe ibaki kama umbo la mti.

Sasa kazi za nyumbani. Ipo moja inayokujia na dalili yake kabisa. Wagiriki wana kisa cha Pegasus, farasi mwenye mbawa. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliona miongoni mwa wanasesere wa Bi Aisha farasi wa matambara mwenye mbawa mbili. Akauliza, farasi ana mbawa? Bi Aisha akajibu, hukusikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka hadi yakaonekana magego yake. Watengenezee watoto farasi huyo huku ukiwasomea hadithi hii. Kata vipande 3 vya nguo nzito, suruali ya jinzi iliyochakaa inafaa sana. Kimoja kiwe na urefu wa sentimita 30, viwili sentimita 20, vyote upana wa 15. Kila kipande ukiviringishe kwa kukibana na ukifunge uzi mahali 3. Kile kirefu kinapinda kuwa kichwa, shingo na kiwiliwili. Vifupi vinakunjwa katikati, vinapandishwa juu ya kiwiliwili na kufungwa, miguu minne tayari. Farasi akitapanya miguu na kulala tumbo, kitambaa kililegea wakati wa kuviringisha. Fungua uanze upya, kuongeza uzi hakusaidii. Mbawa zikatwe kwa kipande kimoja mfano wa kipepeo na kushonwa mgongoni nyuma ya miguu ya mbele, maana zikikatwa mbili mbalimbali hudondoka ubavuni. Macho usitie, ndiyo salama zaidi kwa mwenye kujitoa katika khilafu, yaani hitilafu ya wanazuoni.

Kisa cha Theseus, shujaa aliyeingia katika jengo la vichochoro la kisiwa cha Krete kumuua dude mwenye kichwa cha fahali, hakihitaji kabisa kumchora dude huyo. Fanyeni njia zenyewe, kwa umbo lile linaloonekana katika sarafu za kale za Knossos, mji wa Krete. Katikati ya karatasi ya A4, chini kidogo, chora alama ya kujumlisha yenye mikono ya sentimita 2. Katika kila robo tia pembe mfano wa herufi L, sentimita 1 kutoka kwenye alama, kona yake ikielekea katikati. Kisha weka nukta 4 katika pembe za nje, zinazofanya mraba wa sentimita 4. Sasa unazo ncha 16. Unganisha ncha ya juu ya alama na ncha iliyo jirani yake kulia kwa upinde. Kisha ncha ya kwanza kushoto na inayofuata kulia, ukipita juu ya upinde uliotangulia, uendelee hivyo mpaka pinde 8 zitimie. Mtoto akiruka ncha moja tu, mwisho inabaki ncha bila mwenziwe na njia inaziba. Ndiyo maana achore kwa penseli kwanza. Kisha abandike uzi mwekundu wa sufu, mita 2 hivi, ndani ya njia kuwa uzi wa Ariadne, binti mfalme aliyempa Theseus uzi wa kumrudisha nje. Gundi apake kidogo kidogo, upana wa vidole vinne, la sivyo itakauka kabla uzi haujafika.

Mtungi ni rahisi zaidi. Kata umbo lake kwenye karatasi ya manila, mtoto alijaze krayoni ya nta ya rangi ya chungwa hadi nyeupe isionekane, apake juu yake rangi nyeusi ya maji nzito, ikauke kabisa, kisha akwangue nakshi kwa kijiti cha meno: mawimbi, majani ya mzeituni, mistari ya pembe pembe. Rangi bila tone la sabuni ya vyombo hukusanyika vishanga juu ya nta na kuacha mapengo.

Huyo wa miaka 5 ana hukumu yake. Yeye hawezi bado kushika kwamba "waliamini" ni tofauti na "ni kweli". Ukimwambia Zeus hurusha radi, kesho atamchora Allah ana ndevu na radi mkononi, Mwenyezi Mungu atuepushe. Mfundishe kwanza aya ya 13 ya Surat Raad, kwamba radi yamtakasa Allah kwa kumhimidi, na umeme aukate kwenye karatasi ya njano bila kumtaja Zeus. Kisa cha Prometheus kumfinyanga mtu kwa udongo, na kile cha gharika ya Deucalion, viachwe mpaka kisa cha Adam na cha Nuhu (a.s.) vikae vizuri kichwani, kwani vinafanana kiasi cha kumchanganya mtoto. Mambo ya Zeus na wanawake hayana nafasi kwa yeyote kati yao.

Kaka mtu wa miaka 8 unaweza kumuuliza swali moja mnapofunga kazi: Zeus alimpindua baba yake Kronos, na Poseidon, mungu wao wa bahari, akagombania mji na mungu wa kike Athena; je, dunia ingekaa sawa? Kisha msomee Surat Anbiyaa aya ya 22, kwamba lau wangekuwamo mbinguni na ardhini miungu wengine zaidi ya Allah, zingeharibika. Mwache ajibu mwenyewe.

Wallahu a'lam.